Kubadili oili ya IST mwenyewe nyumbani, mwanzo mpaka mwisho

Wakuu, hii naandika kwa wenye Toyota IST na ndugu zake wote, maana injini ya NZ ndo imejaa mtaani, iko kwenye Vitz, Funcargo, Probox, Platz, Raum mpya, Runx na Allex za 1.5, hata Premio na Allion za cc 1500. IST ya zamani ile iliyotoka Japani kuanzia 2002 mpaka 2007 kama kibati chake kwenye boneti kimeandikwa NCP60 basi una 2NZ ya cc 1300, kikiandikwa NCP61 una 1NZ ya cc 1500, na ukiona NCP65 hiyo ni 1NZ ila inavuta miguu yote minne. Kwa kazi ya leo hazina tofauti, oili inaingia lita 3.7 ukibadili na filta, na lita 3.4 kama filta umeiacha, ila usiiache.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri, yan mara ya kwanza utatumia saa moja na nusu, ya tatu dakika 40. Kinachoharibu sio ugumu, ni vitu vidogo vinne vitano ambavyo fundi anavifanya bila kukwambia na wewe ukikosea kimoja unaita breakdown. Nitakaa sana kwenye hivyo.

Oili gani

Hapa ndo ubishi ulipo. Gari hizi zilitengenezwa kwa 5W-30. Namba yenye W inasema oili inakuwaje ikiwa ya baridi na ile ya mwisho inasema uzito wake injini ikishachemka, sasa Dar au Mombasa asubuhi ya baridi kabisa bado unatoka na kandambili kwahiyo 5W na 10W kwetu hazikimbiani sana, 10W-30 nayo weka bila wasiwasi. Ugomvi unakuja kwenye 20W-50. Mafundi wengi wanaipenda kwasababu wamezoea injini za zamani na kwasababu injini iliyochoka ikiwekewa oili nzito inanyamaza kidogo na inapunguza kula oili. Sawa, kama gari lako linakunywa lita nzima kabla ya sevisi inayofuata, unaweza kuitumia kama panadol wakati unajipanga. Ila kama injini bado nzima usiiwekee. NZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na kile kinachoibana cheni kinasukumwa na presha ya oili, alafu VVT-i, ule mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka, nayo inafanya kazi kwa oili hiyohiyo kupita kwenye vinjia vyembamba. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika juu na ndo unasikia ule mlio wa cheni ukiwasha. Huo mlio watu wanauzoea wanasema gari ndo lilivyo.

Angalia pia herufi za API, yani alama za daraja la oili, nyuma ya dumu. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. SN inatosha kabisa, SP ni mpya zaidi imeanza 2020. Ukiona dumu limeandikwa CI-4 peke yake hiyo ni ya lori, irudishe.

Oili feki zipo, hilo halina mjadala. Mimi nanunua kwenye sheli ya kampuni yenyewe inayotengeneza hiyo oili au kwa muuzaji ambaye namjua anapokaa, naangalia sili ya kifuniko kama imekatika, na bei ikiwa ya ajabu naondoka. Na wewe ukimaliza kutumia dumu litoboe kabla hujalitupa, maana madumu matupu mazuri ndo yanayotafutwa na hao wajazaji.

Dumu la lita 4 linatosha na unabaki na kama mililita 300, usiitupe, hiyo ndo ya kuongezea mbele ya safari.

Filta, waambie dukani unataka ya NZ, namba ya Toyota ni 90915-YZZE1 au 90915-10003, za makampuni mengine mara nyingi utaikuta kwa jina la C-110. Ukienda Kariakoo, au kwa wa Nairobi kule Kirinyaga Road, beba ya zamani kama unayo ulinganishe mpira na thredi, usikubali maneno ya "inaingia tu hii bosi". Nunua pia washa ya plagi ya sampu (sampu ni lile bakuli la oili chini ya injini, plagi ni bolti yake ya kumwagia oili), ni kiduara kidogo cha bei ya soda, namba yake 90430-12031. Watu wanaidharau hii alafu wanalalamika tone.

Vifaa

Spana namba 14, ikiwa ya ringi au soketi ni bora kuliko ya mdomo wazi kwasababu ya mdomo inakula kona za bolti. Jeki, na stendi mbili za jeki. Beseni au dumu la lita 10 la mafuta ya kula lililokatwa ubavu mmoja. Faneli, au chupa ya maji iliyokatwa kitako. Matambara, glavu, boksi la kulalia, tochi. Spana ya filta ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo nitakwambia.

Kuhusu stendi sitanii. Jeki ni ya kuinulia tu, haijatengenezwa kushikilia gari wakati kichwa chako kiko chini. Tofali nalo kazi yake ni kuzuia tairi lisitembee, sio kubeba gari, linapasuka ghafla bila kukupa taarifa. Huna stendi azima, gereji yoyote ya mtaani ipo. Na kama uwanja ni wa mchanga kama kwetu huku weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, bila hivyo mguu wa stendi unazama taratibu upande mmoja na gari linainama huku unaliangalia.

Kuanza

Washa gari liungurume dakika tatu nne au zungusha hapo jirani urudi. Tunataka oili ya uvuguvugu, inakuwa nyepesi inatoka vizuri na inabeba uchafu, oili ya baridi inatoka kivivu na inabaki nyingi ndani. Ila sio utoke Kibaha na foleni yote ya Kimara alafu ufungue hapohapo, itakuunguza mkono.

Zima, weka P, vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Funguo ya gari itoe na uiweke juu ya dumu jipya la oili. Hii nilijifunza kwa mzee mmoja dereva wa zamani na ndo kitu cha maana kuliko vyote hapa: huwezi kuwasha gari bila kwanza kulishika dumu la oili kwa mkono wako. Watu wameua injini kwa kumwaga oili, simu ikaita, wakaongea, wakarudi wakawasha.

Fungua boneti, legeza kile kifuniko cha kujazia oili juu ya injini ili hewa iingie, na vuta stiki ya oili uiache imetoka kidogo. Inua mbele kwa jeki kwenye zile alama za chini ya kizingiti cha mlango, weka stendi pande zote mbili, shusha gari likae juu ya stendi, alafu lisukume kwa bega kwa nguvu. Likicheza sasaivi kabla hujaingia ni afadhali kuliko likicheza baadae. Baada ya hapo ndo uingie.

Kumwaga

Kama kava la plastiki la chini bado lipo, toa vibanio vyake uviweke kwenye kikombe. Magari mengi hapa kwetu lilishachanika zamani kwahiyo utaona moja kwa moja.

Sasa simama hapo kidogo, usishike spana bado. Chini kuna plagi mbili na wengi wamefungua isiyo yenyewe. Injini iko upande wa dereva, gia boksi iko upande wa kushoto. Plagi ya oili ya injini ni bolti ya kawaida yenye kichwa cha 14 kwenye sampu ya bati. Ikitoka oili nyekundu au ya pinki, funga haraka, hiyo ni ya gia boksi, na ukiimwaga ukaongeza ya injini juu ya iliyokuwepo umefanya makosa mawili kwa mpigo: gia boksi haina oili na injini ina oili maradufu. Na kumbuka oili ya gia iliyochakaa nayo inakuwa ya kahawia, kwahiyo usitegemee rangi peke yake, tegemea mahali ilipo.

Ukiwa umelala chali unaangalia juu akili inageuka, kufungua kunaonekana kama kufunga. Mimi nafanya hivi, naangalia kichwa cha bolti uso kwa uso kama naangalia saa ya ukutani na nazungusha kinyume cha mishale yake. Ikiwa ngumu usiogope kugonga mkia wa spana na kiganja, mara moja kavu, inaachia.

Ikishalegea malizia kwa vidole huku unaisukuma kwa ndani kama hutaki itoke, mpaka unasikia thredi zimeisha, alafu vuta mkono pembeni kwa haraka. Oili haianguki chini moja kwa moja, mwanzoni inaruka kwa pembeni kama bomba alafu inavyopungua ndo inarudi chini ya plagi, kwahiyo beseni liwe mbele kidogo na ulisogeze taratibu. Plagi itakuponyoka iingie kwenye beseni. Inatuponyoka wote.

Acha dakika 15, nenda kanywe maji. Oili ikiwa nyeusi usishtuke, kazi yake ni kubeba masizi. Cha kushtua ni ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yanaingia kwenye oili na uwezekano mkubwa gasketi ya silinda hedi, au ukipitisha kidole ukaona vumbi la chuma linang'aa kwa wingi, au ikinuka petroli kabisa. Hayo ukiyaona maliza kazi lakini gari lipeleke likaangaliwe.

Wakati inachuruzika shika plagi, ifute, ondoa ile washa ya zamani. Imebanana na plagi kiasi kwamba unaweza kudhani ni sehemu ya bolti, itafute kwa ukucha au kisu. Weka mpya.

Kurudisha plagi, anza kwa vidole peke yake mizunguko mitatu minne. Ikigoma usilazimishe na spana, itoe uanze upya, inaingia upande. Ikishafika mwisho kwa vidole sasa shika spana karibu na kichwa, sio kwenye mkia, na ongeza kama robo ya mzunguko mpaka usikie imekaa. Kitabu kinasema nyutoni mita 37.5, wenye toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, waitumie, ila kwa sisi wengine hiyo ni nguvu ya mkono mmoja bila kukunja uso. Gari langu nilipolinunua plagi ilikuwa imefungwa na mtu ambaye nadhani aliweka bomba kwenye spana, kuitoa ilitoka na thredi za sampu na nikaishia kuchonga thredi mpya. Oili haizuiwi na nguvu, inazuiwa na ile washa ya bei ya soda.

Filta

Sogeza beseni chini yake kwasababu nayo ina oili ndani. Jaribu kwanza kwa mkono wenye glavu kavu. Ikigoma, izungushie kipande cha msasa upande wa makali uiguse filta, ushike na tambara juu yake, inatoka. Au mkanda wa zamani wa suruali uliouzungusha ukaukaza. Ile ya kutoboa na bisibisi iache mpaka umeshindwa kila kitu, kopo likichanika na kitako kikabaki kimeganda kwenye injini hapo utahitaji fundi wa kuja na patasi.

Ikitoka, igeuze uiangalie uso wake. Mpira upo? Kama haupo basi umebaki kwenye injini, na ukifunga filta mpya juu yake unakuwa na mipira miwili. Mimi ilinitokea mara yangu ya pili kabisa, nikafunga, nikajaza, nikawasha, nikasikia kama mtu anamwagilia bustani. Ndani ya sekunde chache uwanja wote mweusi na mama mwenye nyumba yuko barazani ananiangalia tu hasemi kitu. Mipira miwili inashika vizuri mpaka presha inapopanda, alafu mmoja unachomoka. Kwahiyo pitisha kidole chenye tambara pale inapokaa filta, duara lote, mpaka uguse chuma kitupu.

Filta mpya chovya kidole kwenye oili safi upake mpira wake, bila hivyo unakunjamana unapokaza. Zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse, weka alama ya kalamu, alafu ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana ya filta ni ya kufungulia tu.

Kujaza

Kabla ya kumimina chungulia tena chini, plagi imefungwa? Najua umeifunga, chungulia. Kuna mtu namfahamu alimwaga lita 4 za sintetiki moja kwa moja mpaka kwenye beseni la oili chafu.

Rudisha stiki mahali pake, weka faneli, mimina lita 3 na kidogo kwanza. Subiri dakika mbili tatu ishuke, ongeza mpaka dumu libaki kama nusu lita. Funga kifuniko. Chukua funguo sasa, washa, na macho kwenye ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Itawaka sekunde chache kwasababu filta ilikuwa tupu alafu izime. Isipozima ndani ya sekunde kumi hivi zima gari usibishane nayo. Ikizima liache liungurume dakika moja bila kukanyaga mafuta, huku unamulika na tochi chini kwenye filta na plagi, mulika kwa pembeni, usiingie chini.

Zima, toa stendi ushushe gari likae sawa chini, maana ukipima huku mbele imeinuliwa stiki itakudanganya. Subiri dakika tano. Vuta stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ivute tena, hiyo ya pili ndo ya kusoma. Ongeza kidogokidogo mpaka ifike karibu na alama ya juu bila kuivuka. Watu wanaona kuzidisha ni ukarimu lakini oili ikizidi kranki, ile shafti inayozunguka chini ndani ya injini, inaipiga inakuwa povu, na povu halilainishi chuma, alafu presha inatafuta sili dhaifu itokee hapo.

Toyota wenyewe kule Japani wanasema kilomita 15,000 au mwaka, na nusu yake kwa matumizi magumu, yani 7,500 au miezi sita. Foleni, vumbi, na safari fupifupi za kwenda dukani na kurudi zote ni matumizi magumu, kwahiyo karibu sisi wote tupo kundi hilo. Mimi nabadili kwa 5,000 kwasababu siamini kila dumu ninalouziwa. Andika kilomita na tarehe kwenye kikaratasi ubandike ndani ya boneti, na pima stiki kila baada ya wiki mbili gari likiwa limepoa, usisubiri taa nyekundu, ile ikiwaka ukiwa barabarani presha imeshaondoka tayari.

Oili chafu

Mimina kwenye dumu la zamani ulifunge, filta iinamishe kwenye beseni usiku mzima ichuruzike. Usimwage kwenye mtaro wala pembeni ya ukuta, huku kwetu watu wengi bado wanakunywa maji ya kisima na mtaro wa mvua unaishia baharini. Gereji nyingi zinaipokea kwasababu wana mtu anayekuja kuikusanya. Wengine watakuomba wapake mbao za kupaulia mchwa wasile, hiyo ni kawaida toka zamani, ila waambie wavae glavu, oili iliyotumika sio rafiki wa ngozi kabisa na wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga laini au sukari kabla hujashika ugali.

Usiku tandika lile boksi ulilolalia chini ya injini upande msafi ukiwa juu. Asubuhi kabla ya kutoka lichungulie. Tone moja mawili la oili iliyokuwa imebaki kwenye kava au kwenye chuma ni kawaida siku ya kwanza. Tone kila siku sehemu ileile, angalia liko chini ya plagi au chini ya filta, na kama ni plagi usikimbilie kuikaza, fungua utazame kama ile washa ya zamani haikubaki.